Jina la Alhamisi

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi ni nadra kuingia darasani usimkute Hamisi. Nimefundisha shule za msingi za mikoa hii miwili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami mwenyewe naitwa Hamisi. Kwa hiyo kila Januari, nilipokuwa nikiandikisha watoto wa darasa la kwanza, niliongeza swali moja ambalo halikuwamo katika fomu: mtoto huyu mmempa jina hili kwa sababu gani? Majibu niliyopata kwa wazazi wa akina Hamisi yalinifunza mambo ambayo kamusi hazikunifunza, na ndiyo yaliyonifanya nilichunguze jina langu kwa uzito, nikianza na wazee wa nyumbani ambao walikuwa bado hai.

Asili ya jina hili ni Kiarabu. Neno ni khamis, linalotokana na khamsa, yaani tano, kwa kuwa Alhamisi ni siku ya tano katika hesabu ya Waarabu, ambao huanza kuhesabu kwa siku tuiitayo Jumapili. Waswahili walipolipokea walilifanyia yale waliyoyafanyia maneno mengi: sauti ya kh ikalainika ikawa h, kama khabari na khatari zilivyokuwa habari na hatari, na mwishoni likatiwa irabu. Wazanzibari wengi wameibakiza kh na huandika Khamis. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa Myao wa upande wa Masasi, aliidondosha hata hiyo h akaniita Amisi mpaka alipofariki, kwa sababu lugha yake ya kuzaliwa haina sauti hiyo. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba Amisi ndivyo wanavyoitana pia watu wa Mashariki ya Kongo, ambako jina lilifika pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19.

Shehe aliyenisomesha Kurani pale Mikindani alikuwa na maana nyingine, na aliitoa siku moja aliponiona nimenyong'onyea kwa sababu wenzangu walikuwa wakitamba kwa majina ya mitume. Alisema kwamba katika Kiarabu cha kale khamis ni jeshi pia, kwa kuwa jeshi lilipangwa mafungu matano: la mbele, la nyuma, la kulia, la kushoto, na la katikati lililoitwa moyo. Akanisimulia habari ya vita vya Khaybar huko Arabuni, mwaka 628, jinsi watu waliokuwa wakitoka asubuhi na majembe na vikapu vyao kwenda mashambani walivyoona vumbi la wapanda farasi wakapiga kelele, "Muhammad na khamis!" Nilirudi nyumbani kifua mbele. Hata hivyo, katika miaka yote ya kuuliza wazazi, sijampata hata mmoja aliyemwita mwanawe Hamisi akikusudia jeshi. Watu wetu walitazama siku, na maelezo ya shehe, pamoja na kwamba ni ya kweli, ni ya vitabuni zaidi kuliko ya nyumbani.

Hesabu ya siku za Kiswahili inastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa maana bila hiyo jina halieleweki. Mababu walilianzisha juma baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa sala, wakaita siku inayofuata Jumamosi, yaani siku ya kwanza, kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Walipofika hapo waliacha namba za Kibantu wakachukua jina la Kiarabu, Alhamisi, ambalo nalo maana yake ni ya tano. Juma letu kwa hiyo lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu yetu na nyingine kwa hesabu ya Waarabu, na hakuna anayechanganyikiwa. Naona fahari katika jambo hilo. Watu wa pwani hawakuona haja ya kufuta hesabu yao ili wapokee ya wageni. Siku mbili zilizo karibu zaidi na ibada waliziachia majina ya lugha ya ibada, na zilizobaki wakazihesabu wenyewe.

Jambo la pili, ambalo vijana wengi hawalijui tena, ni kwamba siku kwa wazee wetu haikuanza saa sita ya usiku. Ilianza jua linapozama. Ndiyo sababu mtu wa makamo wa Lindi akikwambia usiku wa Ijumaa anakusudia usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, na ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi hakuwa Hamisi hata kidogo: alikuwa Juma. Tofauti ya dakika chache ilitosha kumpa mtu jina la maisha. Mkunga, kabla ya kuulizwa kama mtoto ni wa kiume au wa kike, aliulizwa kama jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Swali hilo lilikuwa la nyumba yetu pia. Babu mzaa baba aliitwa Hamisi, na bibi alitamani sana mumewe apate somo, yaani mtu wa jina lake. Mimi nikazaliwa Alhamisi jioni. Bibi alisema maisha yake yote kwamba jua lilikuwa bado juu ya maji ya ghuba ya Mikindani. Mama mkubwa, aliyekuwa akichemsha maji jikoni, alisema koroboi ilikuwa imekwisha kuwashwa na kwamba kwa haki mimi ni Juma. Mabishano haya yalirudi katika kila harusi na kila tanga, na wakati mwingine yaliwaka kweli, kwa kuwa bibi aliona kama mumewe ananyang'anywa kitu. Nilipokwisha kuwa mtu mzima nilimwendea mama peke yake nikamwuliza. Alinijibu kwa maneno machache: "Mimi ndiye niliyekuwa nazaa, mwanangu. Adhana ya magharibi nimeisikia wewe uko kifuani." Sikuuliza tena, na mama mkubwa nilipomfikishia habari alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba jikoni kulikuwa na giza.

Jina langu hivyo lilikuwa na sababu mbili zilizokutana: siku na urithi. Sababu hizi mbili hazikutani mara nyingi. Nimewaandikisha watoto wengi wanaoitwa Hamisi ambao hawakuzaliwa Alhamisi; wamerithi kwa babu au kwa mjomba, na jina limeacha kuitaja siku ya mtoto, linataja siku ya mtu aliyezaliwa zamani ambaye pengine hata kaburi lake halijulikani. Wengine jina lao kamili ni kalenda nzima, maana mtoto ni Hamisi, baba ni Rajabu na babu ni Shabani, siku moja na miezi miwili ya Kiislamu imepangwa mstari mmoja kwenye daftari la mahudhurio. Dada zao ni Mwanahamisi na Mwajuma, ambao hapo zamani walikuwa wengi na sasa nawaona kwa nadra.

Babu mwenyewe hakuzaliwa Hamisi. Alikuwa Mmakonde wa Newala, na hadi leo sijui jina alilopewa na mama yake, kwa sababu alikataa kulitaja. Jina la utotoni liliachwa kumbini, yaani katika kambi ya jando. Kijana alipotoka jandoni alitoka na jina jipya, na kumwita mtu mzima kwa jina la kabla ya jando lilikuwa tusi la kuvunja ujirani. Desturi hii walikuwa nayo Wamakonde, Wayao na majirani zao kabla ya wageni kuanza kuandika habari zake. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala na kuandika kurasa nyingi juu ya unyago alioushuhudia huko. Katika miaka iliyofuata vita vya Majimaji, Uislamu ulienea kwa haraka vijijini mbali na pwani, na majina ya kutoka jandoni yakazidi kuwa ya Kiislamu. Babu alichukua lake kwa mwalimu wa Kurani aliyepanda kutoka pwani na kuishi kijijini kwao. "Nilimpenda yule mtu," aliniambia, na hiyo ndiyo sababu pekee aliyowahi kunipa. Mimi pia nilipelekwa jandoni, nikapewa jina la huko, ambalo wenzangu wa kumbi moja wanalijua na ambalo silitaji hapa. Hamisi halikuondoka, kwa kuwa wakati huo majina ya jandoni yalikwisha kuwa ya kuitana wenyewe kwa wenyewe, huku la shuleni likitawala.

Upande wa Masasi jambo lilichukua njia nyingine. Misheni ya Waanglikana ilifika huko mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, na baadaye Askofu Vincent Lucas akaliingiza jando ndani ya utaratibu wa Kanisa badala ya kulipiga marufuku. Nimewafundisha watoto wa huko ambao jina la kwanza ni la Kikristo na la ukoo ni Hamisi. Mwalimu mgeni hudhani mwandishi amekosea. Hakuna kosa lolote. Babu alikuwa Hamisi, mtoto amebatizwa, na hakuna aliyeona sababu ya kumfuta babu. Katika kusini yetu jina hili limevuka dini bila kelele, na nadhani jambo hilo linastahili kuheshimiwa zaidi ya linavyoheshimiwa.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mbali na nyumbani, mwenzetu mmoja alisema mbele ya watu kwamba Hamisi ni jina la watwana, yaani watumwa. Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari tu, lakini maneno yale yaliniingia na nikalala nayo. Ukweli ni kwamba hakuyazua. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa bandari za biashara ya utumwa, na watu waliotembezwa kutoka pande za Ziwa Nyasa walifika pwani wakanyang'anywa majina ya kwao na kupachikwa mapya: Mabruki, Feruzi, Baraka, na majina ya siku pia, Juma na Hamisi. Hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko la Zanzibar mwaka 1873, watu hao na watoto wao walibaki na majina hayo, na wale waliojiona waungwana wakajifunza kuyasikia majina ya siku kwa namna fulani.

Lakini habari haiishii hapo. Tajiri wa Kiarabu wa Tabora aliyeuawa mwaka 1871 katika vita dhidi ya Mtemi Mirambo aliitwa Khamis bin Abdullah, na hakuna aliyemwona mtwana kwa sababu ya jina. Kusini kwetu nako majina ya Kiarabu yalikuwapo karne nyingi kabla ya misafara ile: msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na majina hayo mawili ungali unayasikia yakiitwa kila alasiri katika mitaa ya Kilwa Masoko. Hamisi limebebwa na bwana na mtumwa wake, pengine katika nyumba moja. Nilipofunga chuo nilimweleza babu yale niliyoambiwa. Alikuwa mzee sana, na nilihofu kumwumiza. Alinitazama akasema, "Mtwana naye alizaliwa siku." Kisha akaniuliza habari za masomo. Katika yote niliyoyasoma baadaye juu ya majina, sijapata jibu lililonitosha kama lile.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo. Aliyeniandikisha shule alinipa tarehe ya Julai 1, 1970, kama walivyopewa watoto wengi wa rika langu ambao wazazi wao hawakuwa na cheti, na tarehe hiyo imenifuata katika kila hati. Julai 1 ya mwaka ule ilikuwa Jumatano. Jina langu lilikuwa likiikanusha karatasi miaka yote, nami nilipoanza kukaribia kustaafu niliona vema kuujua ukweli, hata kama hati zingebaki zilivyo. Mama alikuwa na kumbukumbu tatu. Ya kwanza ni kwamba korosho zilikuwa zimeanza kuokotwa. Ya pili ni kwamba watu walikuwa katika vunjajungu, mwezi wa Ramadhani ukiwa karibu kuandama. Ya tatu ni kwamba kesho yake, Ijumaa, baba aliondoka asubuhi kwenda kupiga kura, na jirani akamtania kwamba anakwenda kumchagulia mwanawe rais. Uchaguzi mkuu wa mwaka 1970 ulifanyika Oktoba 30, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ramadhani ya mwaka ule iliandama siku hizo hizo. Nimezaliwa Alhamisi, Oktoba 29, 1970. Mama hakujua kusoma, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya mwenye kalamu.

Tangu siku hiyo nimelisikiliza jina Hamisi kwa namna nyingine. Vijana wanaonijia kutaka ushauri wa majina huuliza kwanza maana, wakitarajia kusikia mshindi, simba, nuru au mteule, na wakisikia "wa Alhamisi" huona ni maana maskini. Sina ugomvi na majina wanayoyatafuta kwenye simu zao. Mengi ni mazuri. Ila nasikitika wakidhani kwamba mzazi aliyemwita mtoto kwa siku yake hakufikiri. Alikuwa akitunza kumbukumbu mahali ambapo hapakuwa na karani, na aliitunza mahali pasipoibwa wala kuliwa na mchwa, ndani ya jina lenyewe, ili kila anayemwita mtoto airudie. Mama mmoja wa Kilwa Kivinje, aliyekuwa amezika watoto kabla ya yule aliyemleta kwangu, aliniambia kwamba alimwita Hamisi kwa kuwa hakutaka kumtamania makubwa: "Nilimpa siku yake tu, mwalimu. Nilisema, akiipata ya pili tutashukuru." Mtoto huyo alikuwa amesimama pembeni yake, amevaa sare mpya, akivuta kamba ya begi. Sioni umaskini wa maana katika jina kama hilo.

Tatizo la tahajia limewasumbua wengi wenye jina hili. Mtu huandikwa Hamis katika cheti cha darasa la saba, Hamisi katika kadi ya mpiga kura, na Khamisi katika kitambulisho, kila mwandishi akifuata sikio lake, na siku ya kudai haki zake hutakiwa kula kiapo kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Niliwaambia wanafunzi wangu waandike jina lao lile lile tangu siku ya kwanza wanaposhika kalamu, na niliwaita wazazi kukubaliana nao juu ya herufi. Kwa upande wangu ninaandika Hamisi, kwa h na kwa i ya mwisho, kwa sababu ndivyo tulivyolitamka hapa kusini tangu babu, na sioni kwamba Kiswahili chetu kinahitaji kuombewa radhi mbele ya Kiarabu.

Mwanangu alipopata mtoto wa kiume katika hospitali ya Ligula, alinipigia simu saa tatu ya usiku akiwa na furaha isiyofichika. "Baba, leo ni Alhamisi. Tumepata somo wako." Nilimpongeza, nikamwombea mama mtu afya, kisha nikamweleza kwamba kwa hesabu ya wazee mtoto amezaliwa jua limekwisha kuzama, kwa hiyo ni wa Ijumaa. Alicheka, akadhani natania. Nilimwambia kwamba akitaka kumrithisha jina langu ni haki yake, kwani kurithi ni njia kamili na haihitaji siku; lakini akimwita kwa siku, basi ni Juma. Walilizungumza wenyewe, mume na mke, pamoja na wazazi wa upande wa pili, na siku ya saba mtoto aliponyolewa walimwita Juma. Karatasi ya hospitali inasema amezaliwa Alhamisi. Katika daftari la nyumbani nimeandika saa aliyozaliwa, tarehe kwa kalenda zote mbili, majina ya waliokuwapo, na chini yake sababu ya mtoto wa Alhamisi kuitwa Juma.